Shuka Moja, Wakubwa Wawili

"Malalamiko ya kazini hayaletwi bombani," Mishale alisema, povu la dawa ya meno likimchuruzika kidevuni. "Yana ngazi zake."

"Ngazi gani wewe? Unaishi mlango wa tatu!" wifi yangu akamjibu. Alikuwa ameshika ndoo iliyojaa na hakuiweka chini, na anayemjua wifi angejua kwamba ndoo ile haikuwa na nia njema. "Nipande ngazi niende wapi? Nipitie dirishani kwako?"

"Umwambie kiongozi wa timu yako. Kiongozi wa timu ataniletea mimi. Mimi nitalifanyia kazi."

"Na kiongozi wa timu yangu ni nani?"

Mishale akasukutua, akatema, akafikiri. "Kwa sasa nakaimu mimi."

"Basi si ndiyo nakwambia!"

"Si hapa. Hapa mimi ni jirani."

Ua mzima ulicheka. Mama wa mlango wa mwisho alicheka hadi akaacha kufua. Hata mimi nilicheka, nimekaa kizingitini namsuka binti yangu, ingawa siku hizo mimi na wifi tulikuwa hatusemezani na nilikuwa nimejiapiza kwamba hata aseme nini, jino langu halitaonekana.

Wifi akamwaga ndoo. Hakummwagia. Aliimwaga pembeni, maji yakapita katikati ya malapa ya yule bwana na kubeba mswaki wake aliokuwa ameuweka ukingoni. "Siku ukirudi kuwa mtu, uje uniambie," akasema, akaingia kwake na kubamiza mlango.

Mishale akanigeukia mimi, macho yanatafuta wa kumhurumia. Nikavuta nywele za mwanangu na kuendelea kusuka. Nimhurumie kwa lipi?

Niwaeleze taratibu, maana jambo lenyewe ni la kijinga, na jambo la kijinga likisimuliwa haraka haraka linaweza kuonekana la maana.

Mimi na wifi tunafanya kazi, na siku hizo Mishale pia, kwenye kiwanda cha kufulia kilicho nyuma ya kituo cha mafuta. Tunafua mashuka ya hoteli, vitambaa vya meza, taulo, na mashuka ya hospitali ambayo yana chumba chake. Mashine zinafua, mashine zinakausha, kuna na ile mashine ya pasi inayomeza shuka upande huu na kulitema upande wa pili likiwa moto kama mkate. Lakini kukunja ni kazi ya mikono, na shuka la kitanda kikubwa ni kazi ya watu wawili. Mmoja anashika pembe mbili huku, mwenzake pembe mbili kule. Mnalitikisa mara moja liteme upepo, mnalikunja kwa urefu, kisha mnatembea mkutane katikati. Vidole vyake vinaingia kwenye vidole vyangu, ananiachia pembe zake, anainama kuokota mkunjo wa chini. Mnarudi nyuma. Mnakutana tena.

Mimi na wifi, mke wa kaka yangu, tumekutana hivyo katikati ya shuka tangu mwanangu huyu ninayemsuka hajazaliwa. Na msidhani tulikuwa tunakutana kimya. Tukiwa mbali nasema nusu ya kwanza ya habari, tukikaribiana namalizia nusu ya pili kwenye sikio lake. Nani kahama, nani karudishwa kwao, nani kaonekana wapi na nani. Yote hayo yalikunjwa humo ndani ya mashuka yakapelekwa hotelini, na wageni wakayalalia bila kujua.

Ndipo akaja Mshauri.

Sijui mwenye kiwanda alimwokota wapi. Mwenye kiwanda ni mtu aliyerithi kiwanda kutoka kwa baba yake, akarithi na kile kiti cha ngozi cha ofisini, na nadhani usingizi aliurithi humo humo ndani ya kiti. Siku moja aliamka, akaona wenzake wote wana mabadiliko isipokuwa yeye. Basi akaagiza mabadiliko kama mtu anavyoagiza pazia.

Mshauri alikaa nasi muda wa mtu kuumwa mafua na kupona. Alivaa viatu ambavyo hakutaka vipate maji, sasa fikiria, kwenye kiwanda cha kufulia. Alikuwa akisimama mlangoni, ananusa sabuni, anatikisa kichwa na kuandika. Shuka hakugusa hata moja. Ila alipenda sana kutuuliza tunajisikiaje. Tukimwambia tunajisikia miguu, anaandika.

Mwisho wa yote tuliitwa tuone mchoro. Karatasi kubwa kama mlango, imejaa visanduku na mishale ya rangi. Karatasi yenyewe ilikuwa inajikunja, haitaki kukaa ukutani, kwa hiyo jirani yetu huyu wa bombani, ambaye wakati huo alikuwa dereva wa gari la kupelekea nguo na alikuwa amesimama tu akisubiri mzigo, akaambiwa aishike upande wa chini. Akaishika. Mshauri akaeleza kutwa nzima, jirani ameshika tu. Walipofika kwenye kisanduku cha juu kabisa chini ya mwenye kiwanda, kilichoandikwa Meneja wa Mabadiliko, mwenye kiwanda akauliza, "Na hapa tunamweka nani?"

Mshauri akatazama huku na huku, akamwona aliyeshika karatasi. "Wewe unaonaje haya mabadiliko?"

"Mazuri," dereva akasema. Mkono ulikuwa umemfa ganzi, angesema nini tena?

"Mnaona?" Mshauri akasema. "Huyu ameelewa."

Na hivyo ndivyo mtu alivyopata ukubwa mbele ya macho yangu. Kwa kushika karatasi isijikunje.

Kabla ya hapo alikuwa jirani wa kawaida, hana mke, hana makuu, anakula popote paliponukia. Alikuwa anatembea na kijiko chake mwenyewe kwenye mfuko wa shati, ili mtu asije akasema vijiko havitoshi. Akisikia sufuria yetu imefunuliwa, anatokea. "Nimepita tu," anasema, huku ameshakaa. Tulimzoea, tukawa tunampakulia bila kumwuliza.

Baada ya ukubwa, kijiko kilitoka mfukoni zikaingia kalamu, nyekundu, bluu, kijani, za kuchorea mishale. Ndipo watoto wa uani wakampa hilo jina la Mishale. Akanunua tai. Akaanza kula peke yake, mlango umefungwa, redio juu, eti kiongozi hapaswi kuzoeleka. Na wiki yake ya kwanza kitini, ili kumwonyesha mwenye kiwanda kwamba hana huruma na mtu, akafuta nafasi ya dereva. Nafasi yake mwenyewe! Alisema tutakuwa tunakodi gari la nje, ni mtindo wa kisasa. Mwenye kiwanda akampigia makofi. Sisi tukatazamana.

Lakini hilo lilikuwa la kwake. La kwetu lilikuwa mstari.

Kwenye ule mchoro Mshauri alitugawa timu mbili, Timu ya Kasi na Timu ya Ubora, na katikati akapiga mstari mwekundu kutoka juu hadi chini. Mstari ule ulipita juu ya meza ya kukunjia. Ulipita katikati kabisa. Upande wangu wa meza ukawa Kasi, upande wa wifi ukawa Ubora. Shuka moja, ncha hii ina mkubwa wake na ncha ile ina mkubwa wake, na wote wawili kwa sasa anakaimu Mishale.

Mimi nilidhani ni kosa la mkono. Nikamwambia, "Jirani, huu mstari umekata meza."

"Haujakata, umepita," akasema.

"Si uusogeze kidogo? Ukipita hapa kwenye ndoo, sote tunakuwa upande mmoja."

"Mchoro umeshapitishwa."

"Na nani?"

"Na mchoraji."

Na mchoraji alikuwa ameshapanda gari na kwenda kuwachorea wengine.

Sasa sikilizeni ujinga ulivyokamilika. Timu ya Kasi inapata alama kwa kila shuka linalokunjwa. Timu ya Ubora inapata alama kwa kila shuka linalokataliwa, au linalokatwa kama tunavyosema mezani. Ina maana mimi nikikunja na wifi, mimi natafuta limalizike, yeye anatafuta lilipokosewa, na waliolikosea ni sisi wawili. Akilikata, yeye anapata alama, mimi nalifungua, tunalikunja tena, mimi napata alama, analikata. Lile shuka lingeweza kuzeeka pale mezani.

Halafu kukawa na sheria kwamba timu moja haizungumzi na nyingine ila kwa kupitia meneja. Nikitaka wifi avute pembe yake ya kushoto, sina ruhusa ya kumwambia vuta. Namwita Mishale. Mishale anakuja na tai yake, anasimama katikati, namwambia, anageuka na kumwambia wifi: "Kasi wanaomba Ubora wavute kushoto." Wifi anasema, "Waambie Ubora wamesikia." Anageuka kuniambia. Siku moja akiwa katikati hivyo tulikuwa tumeshaanza kukutana, mimi kutoka huku na wifi kutoka kule, tukamkunjia ndani. Kikabaki kichwa na tai. "Subirini, sijamaliza kufikisha ujumbe," anasema, humo humo ndani ya shuka. Chumba kizima kililia kwa kicheko. Na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho mimi na wifi kucheka pamoja.

Maana kesho yake Mishale akatutangazia kwamba mwisho wa mwezi timu itakayobaki nyuma itaunganishwa.

"Itaunganishwa na nini?" wifi akauliza.

"Na nje," Mishale akasema.

Hapo mzaha ukaisha. Wifi ana watoto watatu, na kaka yangu, mtoto wa mama yangu mwenyewe, yuko mbali kiasi kwamba habari zake zinakuja kama mvua ya kiangazi. Watoto wale wanaishi kwa mikono ya mama yao. Wakimtoa pale, hakuna kiwanda kingine cha kufulia katika mji huu, na mtu aliyezoea kukunja mashuka ya hoteli kwa umri wake wote hawezi kuamka asubuhi akawa kitu kingine. Yeye alilijua hilo. Mimi nililijua pia, na nilijua vilevile kwamba asipotoka yeye, natoka mimi.

Akaanza kukata mashuka yangu. Mwanzo yaliyokosewa kweli, baadaye hata yenye mkunjo mwembamba kama kope. Nami nikaanza kuvuta haraka ili asipate muda wa kutazama. Tukikutana katikati, vidole vinagongana kama watu wanaogombania mlango. Siku aliyonikatia lundo zima, nilimwambia neno. Nilimwambia, "Hata kaka yangu alilikimbia jicho lako hilo." Alikunja shuka lake, akaliweka. Jioni ile alichukua sufuria yake kutoka jikoni kwangu, akawa anapika mwenyewe mlangoni kwake, na watoto wake, ambao walikuwa wamezoea kula sinia moja na wangu, wakawa wanatazamana na wangu kutoka mlango hadi mlango, kila kundi na sahani zake.

Ndiyo hali tuliyokuwa nayo asubuhi ile ya bombani. Wifi alikuwa amemfuata Mishale kumwambia mstari usogezwe kabla mwezi haujaisha, na majibu aliyopewa mmeyasikia.

Siku hiyo hiyo hoteli kubwa ilikuwa na mkutano wa wageni, na mashuka yao yote yalikuwa kwetu. Yalikuwa yamefuliwa, yamepigwa pasi, na yalikuwa mezani yakizunguka. Nakunja, anakata, nafungua, nakunja. Simu ya ofisini ililia tangu asubuhi. Adhuhuri mwenye kiwanda akateremka mwenyewe, jambo ambalo hulifanya kwa nadra sana, na ngazi zenyewe zilimshangaa.

"Mashuka ya hoteli yako wapi?"

Mishale akatangulia mbele, akajifuta jasho kwa tai. "Bosi, kwa upande wa Kasi tuko vizuri sana. Hatujawahi kukunja mashuka mengi kama mwezi huu."

"Yako wapi?"

"Ubora wameyakata, bosi."

"Basi Ubora ndio wanaonichelewesha," mwenye kiwanda akasema. Hakuuliza yalikatwa kwa nini, wala nani alimwambia nani akate. Alitazama mchoro ukutani, akatafuta kisanduku chenye neno Ubora, akakigonga kwa kidole. "Mmesema itakayobaki nyuma inafanywaje?"

"Inaunganishwa, bosi."

"Iunganishe sasa hivi."

Mishale akamgeukia wifi. Nilimtazama usoni, nikitaka kuona kama kuna chochote cha yule mtu aliyekuwa akila kwenye sinia letu. Hakikuwepo. Kulikuwa na kalamu tu. "Mama," akamwambia, yeye ambaye miaka yote alimwita shemeji, "Ubora imefungwa. Vua aproni."

Wifi akavua aproni. Aliikunja. Hata pale aliikunja, pembe kwa pembe, akaenda kukaa kwenye kreti tupu karibu na mlango. Hakunitazama.

"Haya," mwenye kiwanda akaniambia mimi. "Hakuna wa kukukatia tena. Kunja."

Sasa niseme vipi. Kuna namna ya kukunja shuka kubwa peke yako. Unalilaza mezani, unazunguka meza, unavuta huku unavuta kule. Ni polepole, ni mateso kwa mgongo, lakini linakunjika, kila mwanamke nyumbani kwake analijua hilo. Mwenye kiwanda alikuwa amesimama pale na macho yote kwangu. Timu yangu ilikuwa imeshinda. Kitu nilichotakiwa kufanya ni kulilaza mezani.

Nilishika pembe mbili, nikarudi nyuma na shuka lote likanifuata. Likateremka mezani, likaanguka sakafuni, kwenye maji yanayovuja kutoka kwenye mashine, kwenye sabuni na nyayo. Nikaendelea kurudi nyuma. Nililitembeza lile shuka la hoteli chumba kizima kama bibi harusi.

"Unafanya nini?" mwenye kiwanda akapiga kelele.

"Nakunja, bosi."

"Linaburuzika!"

"Naona, bosi."

"Si siku zote ulikuwa unakunja vizuri wewe?"

"Siku zote upande wa pili ulikuwa na mtu."

Nilimwona anafikiri. Ilikuwa kama kumtazama mtu anayetafuta miwani huku ameivaa. Akatazama meza, akatazama shuka, na kisha, badala ya kumtazama wifi aliyekuwa amekaa hapo hapo mbele yake, akaenda kutazama mchoro. "Upande wa pili ni wa nani?"

"Ubora, bosi," Mishale akasema.

"Mwite."

Mishale akaenda hadi kwenye kreti. Si mbali, ukinyoosha mikono na mwenzako mnagusana. "Bosi anakuita."

"Mimi si wa hapa," wifi akasema. "Nimeunganishwa na nje."

"Mama, tafadhali. Anasema urudi upande wako."

"Hata ningekuwa wa hapa, hayo yana ngazi. Bosi amwambie kiongozi wa timu yangu."

"Kiongozi wa timu yako ni mimi!"

"Basi mkae naye mshauriane," wifi akasema, akainyoosha aproni mapajani. "Mtaniletea jibu."

Walioko kwenye mashine za kukaushia walikuwa wameshageuka wote. Mtu mmoja alizima mashine ili asikie vizuri. Mishale akarudi kwa mwenye kiwanda na kumweleza neno kwa neno, kana kwamba mwenye kiwanda hana masikio. Mwenye kiwanda uso ukamwiva.

"Kwani mimi siwezi kusema naye moja kwa moja?"

Na Mishale, Mungu amsamehe, akainua kidole akaonyesha mchoro. "Kwa jinsi mshale ulivyokaa, bosi, hapana."

Maji ya shuka langu yalikuwa yanadondoka sakafuni.

"Mstari huu ufutwe," mwenye kiwanda akasema mwishoni. "Timu iwe moja."

"Sawa, bosi."

"Na kama timu ni moja," akaendelea polepole, kidole kikipanda juu ya karatasi hadi kwenye kisanduku cha meneja, "wewe unapatanisha nani na nani?"

Kwa mara ya kwanza tangu apate tai, Mishale hakuwa na ngazi ya kulitolea jibu.

Mwenye kiwanda akachomoa kalamu nyekundu kutoka mfukoni mwa Mishale mwenyewe, akapiga alama ya kufuta juu ya kisanduku cha meneja, akairudisha kalamu mfukoni alikoitoa. Halafu akamwita wifi kwa mdomo wake, na wifi akainuka, akavaa aproni, akaja upande wake wa meza bila haraka, kama mtu aliyekuwa amekwenda kunywa maji.

"Basi nirudi kwenye gari, bosi?" Mishale akauliza. Sauti ilikuwa imerudi kuwa ile ya zamani, ya "nimepita tu".

Msidhani mwenye kiwanda alikuwa amejifunza kitu. Alirudi kwenye mchoro ule ule alioupiga kalamu, akautafuta juu hadi chini. "Gari liko kisanduku gani?"

"Halina, bosi. Nafasi ya dereva ilifutwa."

"Aliifuta nani?"

Mishale akatazama viatu vyake. "Mimi."

"Ah. Ilifutwa," mwenye kiwanda akasema, kana kwamba imefutwa na mvua. "Basi leo upeleke hizi za hoteli, kesho tutaona." Na kesho tutaona, kwa wanaomjua, ndiyo namna yake ya kumwambia mtu kwaheri bila kuinuka kitini.

Akapanda ngazi kurudi juu. Mchoro aliuacha ukutani, upo hadi leo. Umejikunja upande wa chini, kwa sababu hakuna aliyeushika.

Mimi na wifi tukashika shuka jipya, lile chafu lilirudi mashineni. Tukatikisa. Tukatembea. Tulipokutana katikati akaingiza vidole vyake kwenye vyangu, akanong'ona, "Ungeweza kulilaza mezani lile."

"Ningeweza."

"Mjinga wewe. Angekufukuza."

Tukarudi nyuma, tukakunja, tukakutana tena. "Wifi," nikasema, "lile neno la kaka..."

"Vuta kushoto," akasema. "Unaongea sana." Lakini hakuondoa vidole haraka.

Tulimaliza kabla jua halijashuka. Mishale akapakia lile gari la zamani la kiwanda akiwa na tai shingoni, akaenda hotelini, akarudi, akaacha ufunguo mezani. Tuliona kupitia mlango jinsi alivyoupangusa usukani kwa mkono wa shati kabla ya kushuka. Nasema nilichoona. Sijasema nilimhurumia. Mtu aliyemwambia wifi yangu vua aproni bila kupepesa, mimi machozi yangu nina matumizi mengine nayo.

Jioni wifi alikuja na sufuria yake. Hakuhodisha. Aliiweka jikoni kwangu karibu na yangu, akafunua ya kwangu, akaonja, akaongeza chumvi kama ilivyokuwa desturi yake ya kunidharau. Watoto wake walishakaa kwenye mkeka kabla hatujawaita, wamechanganyikana na wangu, wanapigana viwiko. Mama wa mlango wa mwisho akaja kuomba kiberiti ambacho alikuwa nacho mkononi, ili asikie habari, tukampa kigoda. Nikaisimulia tangu mwanzo. Pale pa "kwa jinsi mshale ulivyokaa" wakacheka hadi watoto wakatuzomea.

Mlango wa tatu ulikuwa wazi. Mishale alikuwa amekaa kizingitini, redio kimya, nyuma yake hakuna moto wala sufuria. Alikuwa anasikia kila neno na tulijua anasikia. Nikaongeza sauti kidogo.

Wifi akapakua. Akapakulia watoto, akanipakulia mimi, akampakulia mama wa mlango wa mwisho. Kisha akashika upawa hewani, akatazama upande ule na kufyonya.

"Wifi, usithubutu," nikamwambia.

"Wewe nyamaza." Akapaza sauti. "We Meneja! Umekula?"

"Nimekula, shemeji," sauti ikatoka kizingitini.

"Umekula nini?"

Watoto wakaanza kuchekelea mikononi.

"Njoo hapa."

Akaja. Alisimama mbele ya mlango wangu kama mtu anayesubiri kupimwa nguo, akajipapasa mfuko wa shati, akakuta kalamu. Vidole vyake vilikuwa vyekundu kwa wino. "Sina kijiko," akasema.

"Tunajua huna," wifi akasema, akasukuma watoto kwa goti ili nafasi ipatikane kwenye mkeka. "Nawa kwanza hiyo mikono, usitupake ukubwa kwenye chakula. Haya, pita, usisimame hapo kama mshale. Ingia ule."